Hesabu za Umeme Zibandikwe Ukutani



Siku hizi hapana mkutano wa wenye kazi usiotajwa maneno mawili: dijitali, na kuokoa umeme. Yasemwa pamoja kana kwamba ni mtu na mkewe. Bwana mkubwa husimama akasema, "Tumetia kompyuta, tumetia vipimio, sasa kampuni yetu haitapoteza nguvu tena." Makarani hupiga makofi. Sisi tunaosimama nyuma na mafuta mikononi hatuulizwi neno. Basi katika ukurasa huu tutauliza wenyewe, na tutauliza kwa habari za Garissa na nchi yote ya Kaskazini Mashariki, kwa sababu baadhi yetu wa reli tumezaliwa kule kando ya mto Tana, na kwa sababu kule jua ni kali na mafuta ni ghali, hata uniti moja ikipotea yaonekana.

Wako watakaosema, "Garissa kuna reli gani?" Hakuna. Mradi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa mwezi wa Machi 2012, na kwenye ramani reli ikachorwa kupita Garissa kwenda Isiolo. Hata taruma moja halijalazwa Garissa. Lakini mashini inayompima leo mlinzi wa mlingoti wa simu kule Wajir ni ndugu wa mashini itakayompima dereva wa treni kesho. Ni afadhali tuijue tabia yake kabla haijatufikia mlangoni.

Jambo letu twalisema mapema, ili msomaji asichoke. Mashini ya kupima haiokoi umeme. Huonyesha tu. Anayeokoa ni mtu mwenye mkono juu ya valvu, juu ya swichi, juu ya mlango wa chumba cha baridi. Mtu huyo akinyimwa namba, na akinyimwa sehemu yake ya faida, basi dijitali hiyo ni jicho la tajiri la kumchungulia mfanyakazi, na umeme utaendelea kumwagika kama zamani.

Tusisingiziwe kwamba sisi ni adui wa mashini. Watu wa reli hawawezi kuwa adui wa mashini, kwa maana ugali wetu watoka humo. Injini za mvuke za wazee wetu, hata zile kubwa zilizopewa majina ya milima, katika kila sehemu 100 za moto uliowashwa tanuruni hazikutumia hata sehemu 10 kuvuta mabehewa. Zilizobaki zilipotea hewani, nyingi kwa bomba la moshi. Dizeli ilipokuja ikavuta kwa sehemu 30 hivi. Huo ulikuwa uokoaji wa kweli, wala hapana mtu mwenye akili awezaye kuubisha. Lakini waulizeni wazee waliobaki: kazi ya mtia moto ilipokufa, yuko hata mmoja aliyeitwa ofisini akaambiwa, "Bwana, umetuokolea mafuta miaka kumi na miwili, hii ni sehemu yako"? Sisi tumeuliza, na hatujampata mtu huyo.

Kutumia nguvu vizuri maana yake ni kufanya kazi ile ile kwa nguvu chache zaidi. Haina maana ya kazi ile ile kwa watu wachache zaidi, wala haina maana ya giza. Hilo la giza tutalifikia sasa hivi.

Kwanza tuwaambie wasiofika kule hali ilivyo. Mji wa Garissa kwa miaka mingi uliwaka kwa injini za dizeli, mpaka ilipovutwa laini ya kilovolti 132 kutoka Kindaruma kupitia Mwingi. Miji ya Wajir na Mandera ilibaki mbali na laini hizo. Vituo vyao vilijitegemea kwa dizeli, kisha paneli za jua zikaongezwa kidogo. Dizeli hiyo hupelekwa kwa lori njia ndefu ya vumbi, na lori nalo hunywa dizeli njiani, kwa hiyo uniti ya Mandera imekwisha kuliwa nusu kabla haijazaliwa. (Nusu hiyo ni ya maneno, karani asituandikie barua.) Halafu mwezi wa Desemba 2019 ukafunguliwa mtambo wa jua wa Garissa, mali ya shirika la serikali la REREC: megawati 50, paneli zaidi ya 200,000 zilizotandazwa katika hekta 85, kwa gharama ya shilingi bilioni 13.7 zilizopatikana kwa mkopo wa China. Ulikadiriwa kutoa uniti milioni 76 kwa mwaka. Umeme wa kila safu ya paneli hupitia inverta, na inverta za siku hizi ni kompyuta pia: hueleza saa kwa saa safu ipi yafanya kazi na ipi imelala kwa vumbi. Hapo dijitali yafaa sana. Lakini anayelitoa vumbi lile ni mtu na maji na brashi.

Sasa turudi kwenye giza. Sisi wa reli neno tokeni twalijua tangu zamani. Kwenye reli ya njia moja, desturi ilikuwa dereva haingii katika sehemu ya mbele bila kushika tokeni mkononi. Akiishika alijua njia ni yake peke yake na hapana treni itakayomkabili. Tokeni ilimpa mtu habari na ilimpa haki. Siku hizi tokeni ni namba 20 zinazotumwa kwa simu. Mita za kulipa kabla zilianza kuenea Kenya mwaka 2009, na leo mwenye kibanda cha soda Garissa hununua umeme kwa simu kama anavyonunua sukari kwa robo kilo. Wakubwa hujisifu kwamba mita hizi zimewafundisha watu kubana matumizi. Kweli, mtu akilipa kwanza huzima taa mapema. Lakini mwenye kibanda akizima friji saa sita za mchana kwa sababu tokeni imekwisha, na soda zikachemka, na maziwa ya ngamia yakachacha, hapo pameokolewa nini? Kukosa si kuokoa. Friji yake ya mtumba ingali inakula umeme mara mbili ya friji nzuri, na mita ya dijitali haikumwambia neno hilo hata siku moja. Yamwambia uniti zimebaki ngapi, basi. Na mwaka 2024 mita hizo zote zikawa hazina budi kutiwa namba mpya kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo zingekataa tokeni; mamilioni ya watu wakainama mbele ya mita wakibonyeza tarakimu. Hapo ni mtu anayeihudumia mashini.

Hayo ni ya wenye vibanda. Tuje kwa wenye kampuni, ambao ndio hasa tunaosemezana nao.

Kuna mzee mmoja tunayemwita mjomba, alikuwa mtunza chumba cha baridi katika kampuni moja ya mji wa Garissa ambayo hatutaitaja. Garissa mwezi wa Februari na Machi joto la mchana hufika digrii 35 na kupita, na nyama haingoji mtu. Mjomba aliona mpira wa mlango umepasuka. Akamwambia mnyapara. Mpira ukipasuka hewa ya joto yenye unyevu huingia ndani, unyevu ule huganda juu ya mabomba, na barafu hiyo huwa kama blanketi juu ya mgonjwa wa homa: baridi haitoki kwenye bomba kuifikia nyama, na kompresa huzunguka bila kupumzika. Mjomba hakusoma vitabu vya ufundi, lakini alisikia kwa sikio lake kwamba mashini hailali. Akasema tena mara ya pili na ya tatu. Mnyapara akajibu, "Mzee, hilo ni jambo la wakubwa."

Wakubwa wakaleta mita ya dijitali. Mita ile ilipeleka namba zake kwa intaneti mpaka ofisi ya Nairobi, na Nairobi kijana mmoja akaona mstari umepanda. Yafaa tuseme kwa haki kwamba mita haikudanganya: umeme ulikuwa ukipotea kweli. Lakini barua iliyotoka Nairobi haikusema, "Tazameni mpira." Ilisema, "Mtunza chumba huacha mlango wazi," na ilikuwa barua ya onyo. Mjomba akaambiwa atie sahihi. Alisema, "Bwana, mlango naufunga, ila hautaki kufungika." Neno hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa katika fomu.

Miezi ikapita. Akaja fundi wa jokofu kwa shughuli nyingine, akauona mpira, akaubadilisha, akaikwangua barafu. Mstari wa Nairobi ukashuka. Na katika taarifa ya mwaka kampuni ikaandika kwamba mtambo wake mpya wa dijitali umepunguza matumizi ya umeme. Mpira haukutajwa, fundi hakutajwa, na barua ya onyo ya mjomba ilikaa katika faili lake mpaka alipoacha kazi.

Ndugu, soma habari hiyo mara mbili, kwa maana mambo yetu yote yamo ndani yake. Habari ya kweli ilikuwako kazini tangu siku ya kwanza, bure, katika kinywa cha mtu mwenye mshahara wa chini kuliko wote. Kampuni ikatoa fedha kununua habari ile ile kwa namna ya namba, kisha ikaisoma namba vibaya kwa sababu hapana aliyemwuliza mtu.

Tena tazameni pampu. Maji ya mji wa Garissa yavutwa kwa pampu kutoka mto Tana. Zamani fundi wa pampu akitaka maji machache alikaza valvu, na mota ikaendelea kusukuma kwa nguvu zake zote dhidi ya mlango uliofungwa nusu. Ni sawa na dereva kufungulia injini huku breki imeshika. Siku hizi iko mashini ya elektroni inayopunguza mwendo wa mota yenyewe, na hesabu yake ni ya ajabu: pampu ya namna ile ikipunguzwa mwendo kwa sehemu moja katika tano, nguvu inayokula hushuka karibu nusu, ikiwa tu maji hayapandishwi kilima kirefu. Haya tunayasifu kwa moyo wote. Mwenye pampu yoyote nchini asiyeitazama mashini hiyo anatupa fedha mtoni. Lakini mashini hiyo yahitaji kuambiwa mji hunywa saa ngapi, na siku ya mnada wa mifugo maji huhitajika kiasi gani, na mto ukijaa matope chujio huziba baada ya muda gani. Nani ayajuaye hayo? Ni mtunza pampu. Akishirikishwa, mashini itafanya kazi. Asiposhirikishwa, ataizima usiku wa kwanza mji utakapokosa maji, naye atakuwa na haki.

Sasa tuje kwenye milingoti, ambako uchungu ni mkubwa zaidi. Huko kusiko na laini ya umeme, kutoka Garissa hadi Mandera, milingoti ya simu imesimama kwa jenereta, na siku hizi mingi imetiwa paneli na betri ili jenereta ipumzike. Jambo hilo ni zuri. Jenereta kubwa ikiendesha mzigo mdogo hunywa mafuta mengi kwa kila uniti, na afadhali betri ishike mzigo huo. Lakini pamoja na betri kikaja kipimio ndani ya tangi la dizeli, kinachopeleka habari mbali kila saa: mafuta yamefika hapa, mafuta yameshuka hapa. Yakishuka pasipo jenereta kuwaka, mlinzi huitwa mwizi.

Wako wezi wa dizeli, hatukatai. Wako mjini na wako vijijini, na wengine wana magari mazuri. Lakini sikilizeni habari ambayo kila fundi wa tangi aijua. Dizeli ikipata joto hutanuka, ikipoa hunywea. Lita 1,000 zikipoa kwa digrii 10 hupungua lita 8 hivi, na hapana mkono wa mtu uliogusa kifuniko. Nchi yenye mchana kama tanuru na usiku wenye upepo, kiwango cha tangi kitapanda na kushuka chenyewe kila siku ya Mungu. Je, yule anayesoma namba katika chumba chenye baridi Nairobi amefundishwa jambo hilo? Amepewa digrii za joto la mafuta pamoja na kipimo cha lita? Au amepewa lita tu, na jina la mlinzi? Tena bomba likivuja au mpira wa pampu ya mafuta ukichoka, dizeli itashuka vile vile, na mlinzi aliyesema "panavuja" ataambiwa anajitetea.

Na watu hawa wamewekwa pale wakilinda chuma kwa roho zao. Milingoti kadhaa katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa imelipuliwa na al-Shabaab katika miaka hii. Mlingoti ukianguka, kipimio hunyamaza, na habari zote za dijitali hunyamaza pamoja nacho. Anayebaki kueleza kilichotokea ni mlinzi, kama angali hai. Mtu wa namna hiyo haachishwi kazi kwa lita 8.

Liko na jambo la usiku. Mwezi wa Desemba 2017 wenye viwanda na biashara kubwa walipewa bei ya nafuu: umeme unaotumiwa tangu saa nne za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi ukakatwa nusu ya bei, kwa wale waliopita kiwango chao cha kawaida. Mita ya zamani haikujua saa. Mita ya dijitali yajua. Basi kompyuta ikampigia tajiri hesabu, na hesabu ikamwambia, hamisha kazi iwe usiku. Akaja kwetu na neno "ufanisi".

Ufanisi gani? Uniti ni zile zile. Kama kinu chasaga gunia kwa uniti kumi mchana, usiku chasaga kwa uniti kumi. Kilichopungua ni bili ya tajiri, na kilichoongezeka ni safari ya mama mmoja gizani kwenda kazini. Twajua sababu ya bei hiyo, hatukuanguka kutoka mbinguni: usiku mvuke wa Olkaria hukosa wanunuzi, na ni hasara kuuacha upotee. Lakini Garissa na jirani zake ni nchi iliyouonja usiku. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na baada yake amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Mji uliokaa chini ya amri ile hauhitaji kufundishwa na kompyuta kwamba saa nane za usiku ni wakati mwema wa kutembea. Tena mtambo wa jua wa Garissa hutoa umeme mchana! Jua la kwao lawaka utosini, nao waambiwe wafanye kazi usiku kwa mvuke wa Olkaria.

Kama bei ya usiku ni nzuri, na mashini zifanye kazi usiku, watu walale. Chumba cha baridi chaweza kugandisha barafu usiku kwa saa ya elektroni, bila mtu, na barafu ile ikashika baridi mchana. Pampu yaweza kujaza tangi la juu usiku. Kwa kazi hizo dijitali imeumbwa. Kwa nini basi kila mara kitu cha kwanza kuhamishwa ni mtu?

Kuna hesabu nyingine ambayo wauza vipimio hawaitaji kabisa. Kompyuta nazo hula. Kila namba inayotoka Mandera huenda kukaa katika seva mahali fulani, na seva hiyo yala umeme, na yapozwa kwa umeme. Namba ya mita moja ni ndogo kama chembe ya wimbi, hatutii chumvi. Lakini zikikusanywa seva zote za dunia, Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 nyumba za kompyuta zilikula uniti bilioni 415 hivi. Kenya nzima, na viwanda vyake na hospitali zake na taa zake zote, katika mwaka wa fedha wa 2023/24 ilipata uniti chini ya bilioni 14. Na mwezi wa Mei 2024 kampuni ya Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kujenga nyumba ya kompyuta Olkaria, ya kuanza na megawati 100. Hiyo ni mara mbili ya mtambo wote wa Garissa jua likiwa utosini, nayo jua likizama haipumziki. Hatusemi isijengwe. Twasema atakayekuja kumwambia mwenye kibanda cha soda kwamba dijitali yaokoa umeme, aje na hesabu ya pande zote mbili.

Mwingereza mmoja, Jevons, aliandika tangu mwaka 1865 kwamba injini za mvuke zilipoanza kula makaa machache kwa kazi ile ile, nchi yake haikutumia makaa machache, ilitumia mengi zaidi, kwa kuwa kila mtu sasa alitaka injini. Yeye alihofia makaa yataisha. Sisi twaogopa jambo dogo zaidi: kwamba kilichookolewa Garissa kitaliwa mahali pengine, na Garissa itabaki na barua za onyo.

Wenzetu wa reli msilale. Katika Marekani na Ulaya ziko mashini ndani ya injini zinazomshauri dereva wapi akate nguvu, treni iteleze kwa uzito wake, mafuta yapungue. Dereva mzee wa njia ya Mombasa aliyajua hayo kwa kiuno chake. Kila mwinuko wa Mtito Andei ulikuwa umeandikwa mwilini mwake. Maarifa ya madereva wa namna hiyo ndiyo yaliyomiminwa ndani ya mashini, na sasa yanauzwa kama maarifa ya mashini. Siku yatakapoletwa hapa, swali letu la kwanza litakuwa: skrini yamwonyesha dereva, au yamwonyesha bosi wa dereva?

Sheria ziko, na si lazima uwe wakili kuzijua. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliamuru kwamba biashara yoyote inayotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka ikaguliwe matumizi yake kila miaka mitatu, na mwenye kazi atimize angalau nusu ya uokoaji ulioonekana katika ukaguzi huo. Ni kanuni nzuri. Lakini mkaguzi hufika, hunywa chai ofisini, hutembezwa na meneja, na hupewa namba za kompyuta. Mjomba na mpira wake wa mlango hakutani naye. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema mtu hafukuzwi kwa kosa mpaka aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama akiwapo. Basi mlinzi Msomali wa Habaswein asisomewe chati ya Kiingereza kwa simu. Kifungu cha 40 chadai chama na afisa wa kazi wapewe habari mwezi mzima kabla watu hawajapunguzwa, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Nayo mashini mpya haimwondolei tajiri wajibu huo. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, yampa mtu haki ya kutohukumiwa kwa uamuzi wa mashini peke yake. Kifungu hicho wengi hawajakisikia. Kinakili, ukiweke mfukoni.

Katika mapatano yajayo twataka haya yaandikwe. Pahali popote palipotiwa mita ya dijitali, hesabu ya kila mwezi ibandikwe ukutani mahali wafanyakazi wanapoingilia, kwa Kiswahili, na kule Kaskazini Mashariki kwa Kisomali pia: uniti, lita, na fedha. Mkaguzi wa nishati akija atembee na mjumbe wa wafanyakazi, na akaongee na mwenye kushika valvu. Namba ya kipimio isiwe ushahidi wa kutosha peke yake kumwadhibu mtu, mpaka mashini yenyewe ikaguliwe na fundi. Bili ikishuka kwa bidii ya kazi, sehemu ya faida iingie katika mshahara; kiasi gani, tutabishana mezani, lakini sufuri si kiasi. Asihamishiwe mtu zamu ya usiku kwa sababu ya bei ya umeme bila mapatano, posho na gari la kumfikisha nyumbani. Na vijana wa Garissa wafundishwe kufungua inverta na kurekebisha vipimio, kwa maana ni aibu fundi atoke Nairobi kilomita 370 kuja kubana skrubu.

Tajiri atajibu kwamba hesabu ni siri ya biashara. Bili ya umeme ina siri gani? Hata mwenye kibanda jirani zake wajua tokeni yake yaisha lini, wakiona taa imezima.

Wanachama wenye ndugu walio kazini Garissa, Wajir, Mandera au Dadaab, katika vyumba vya baridi, pampu, vinu, milingoti na hoteli, wawaombe waandike kwa mwezi mmoja mambo haya: tarehe, saa, namba iliyo kwenye mita asubuhi na jioni, kitu gani kimeharibika, nani aliambiwa, na alijibu nini. Kama ni tangi la mafuta, aandike kiwango alfajiri na kiwango saa nane za mchana. Majina ya watu yasiandikwe, wala jina la kampuni. Aina ya kazi na mji yatosha. Karatasi ziletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na kamati itazitwaa mezani siku ya mapatano. Asiyejua kuandika ampe mtoto wake wa shule kalamu, yeye asome namba.